Vitufe vinaondolewa kwenye dashibodi, skrini inabaki. Nani ananufaika?

#1 Usukani Mwepesi
Wakuu, salaam.

Nimehama kutoka gari la zamani lenye vitufe vya kila kitu nikaingia kwenye jipya lenye skrini kubwa katikati, na dashibodi iliyobaki ni tupu. Injini sina neno nayo, siti nzuri, ndani kimya. Shida ni hii: ukitaka kupunguza feni ya AC unagusa alama ya feni chini ya skrini, linafunguka dirisha lingine, halafu unaburuta mstari kwa kidole. Gari likipita kwenye tuta kidole kinahama, feni inapuliza mpaka mwisho, na macho yako yako kwenye skrini yanautafuta mstari ulikokwenda. Kwenye lile la zamani nilikuwa nanyoosha mkono, nazungusha, basi.

Dai langu: skrini hizi hazikuwekwa kwa ajili ya dereva. Ziliwekwa kwa ajili ya anayetengeneza. Anayebisha aje na sababu, ila "dunia inabadilika" sitaipokea.

#2 Nusu Tanki
Nimekaa siti ya mbele, mkanda nimefunga.

#3 Spana Kumi
Mleta uzi umepatia, na sababu ni hela. Mimi ni fundi umeme, kufungua dashibodi ndiyo kazi yangu. Kila kitufe kina kalibu yake, taa yake ya usiku, springi yake, waya wake na mtu wa kukifunga kiwandani. Kuna gari lenye siti za kupasha joto na lisilo nazo, kwa hiyo ama zinatengenezwa paneli mbili, ama kinawekwa kile kitufe bubu kisichobonyezeka. Skrini ni moja kwa magari yote, kinachobadilika ni programu. Halafu umbo la kitufe lazima liamuliwe mapema kabla gari halijaanza kuuzwa, wakati programu wanaweza kuimalizia hata ukiwa umeshalilipia.

#4 Kobe Turbo
Spana Kumi, kwenye kalibu nakubali, kwenye waya unaturudisha nyuma sana. Siku hizi paneli nzima ya AC ina kompyuta yake ndogo inayotuma ujumbe kwenye mtandao wa gari. Vitufe ishirini havina maana ya waya ishirini. Nyuma ya paneli unakuta soketi moja yenye nyaya chache. Kinachookolewa ni kalibu na muda wa kufunga. Waya ni hadithi ya zamani.

#5 Spana Kumi
Hiyo soketi moja ikipata maji njoo nikuoneshe hadithi ya zamani inavyofanana.

#6 Bi Sukani
Mnabishana waya mnamsahau muuzaji. Gari linanunuliwa likiwa limesimama. Mtu anaingia, anaketi, skrini ya inchi 15 inawaka mbele yake, anaona "hili ndilo la kisasa". Hakuna mteja anayejaribu kupunguza feni akiwa kwenye spidi ya 100 kabla ya kusaini. Vitufe vinamfurahisha mtu baadaye, na baadaye muuzaji ameshapokea hela yake. Kwa hiyo mimi sisemi ni mtengenezaji peke yake. Na sisi wanunuzi tumo.

#7 Mzee wa Kabureta
Vijana, hili jambo si la jana. Aston Martin Lagonda ilioneshwa mwaka 1976 ikiwa na dashibodi ya namba za kuwaka na vitufe vya kugusa, na ule umeme wake uliwatesa waliouunda kwa miaka. Mwaka 1986 Buick Riviera ikatoka na skrini ya kugusa kabisa, kioo cha aina ile ya televisheni za zamani, cha kijani, na AC na redio unavitafuta humo humo. Watu wakalalamika kwamba inawatoa macho barabarani. Ilipofika modeli ya 1990 ikaondolewa, vitufe vikarudi. Halafu BMW wakaja na iDrive mwaka 2001 kwenye Mfululizo wa 7, kelele zikaanza upya. Kila kizazi kinaona hili ni tatizo lake.

#8 Kobe Turbo
Shikamoo mzee. Nyongeza moja ili wasomaji wasichanganye: iDrive ya 2001 haikuwa ya kugusa. Ilikuwa kizungushio kikubwa pale kati ya siti, unakizungusha, unakisukuma pembeni, unakibonyeza, na skrini iko mbali juu. Walitukanwa kwa sababu menyu zilikuwa na tabaka nyingi mno. Baadaye wakaongeza vitufe vya njia ya mkato pembeni ya kizungushio, na watu wakakipenda kweli kweli. Sasa ndiyo wanakiondoa: X1 mpya ya 2022 haina.

#9 Mzee wa Kabureta
Marahaba. Ndiyo hivyo, mtu akizoea ndipo wanapomnyang'anya.

#10 Dereva wa Usiku
Badala ya hisia tuweke vipimo. Gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilifanya jaribio mwaka 2022 kwenye uwanja wa ndege. Magari mapya kumi na moja, na Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe. Spidi 110, dereva alishapewa muda wa kulizoea gari. Kazi zenyewe ni za kawaida: washa joto la siti, ongeza nyuzi mbili, washa kiondoa ukungu, tafuta stesheni fulani ya redio, rudisha sifuri kompyuta ya safari, punguza mwanga wa dashibodi na uzime skrini ya kati. Volvo kuukuu ilimaliza yote kwa sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 306. Ya mwisho, MG Marvel R, ilikwenda mita 1,372.

Kilomita moja na zaidi, jamani.

#11 Nusu Tanki
Nimepiga hesabu. 110 kwa saa ni kama mita 30.6 kwa sekunde, kwa hiyo mita 1,372 ni karibu sekunde 45. Sekunde 45 mimi naweza kusinzia, nikaota na nikaamka.

#12 Kidole Chepesi
Naona uzi mzima uko upande mmoja, ngoja nisimame na skrini. Hilo jaribio la #10 mnalipenda lakini hamlisomi lote. Volvo C40 na Dacia Sandero zilikuwemo humo humo, zina skrini za kugusa, na zilimaliza kwa chini ya sekunde 14. Tofauti na gari la vitufe ni sekunde tatu na kitu. Kwa hiyo tatizo ni menyu mbovu. Skrini iliyopangwa vizuri haina kesi.

Pili, hiyo V70 ya 2005 ilikuwa na mambo mangapi ya kupanga? Gari la sasa lina usaidizi wa njia, kamera za pande nne, siti za kukanda mgongo, ratiba ya kuchaji, simu mbili, profaili ya kila dereva. Ukivipa vyote vitufe dashibodi haitoshi, itabidi uanze kubandika kwenye dari.

#13 Bi Sukani
Nani aliomba vyote viwe na vitufe? Ratiba ya kuchaji naipanga gari likiwa limepaki, iweke kwenye skrini hata tabaka la saba. Feni, joto, sauti, ukungu wa kioo: hivyo ndivyo vya mkono. Haviongezeki kila mwaka, ni vile vile tangu zamani.

#14 Dereva wa Usiku
Kidole Chepesi, hoja ya Sandero na C40 ni nzuri na ndiyo maana niliweka kazi zote wazi. Ila angalia kiasi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa mwongozo mwaka 2013: mtupo mmoja wa macho usizidi sekunde 2, na kazi nzima isizidi sekunde 12 za macho kuwa nje ya barabara. Ni mwongozo wa hiari, si sheria. Kwenye spidi ya 100, sekunde mbili ni mita 55 hivi. Sasa mtu anayeburuta mstari wa feni kwenye barabara mbovu hamalizi kwa mtupo mmoja. Anatazama, anakosa, anatazama tena.

#15 Mwana wa Gia
Mbona hakuna aliyeitaja kamera ya rivasi? Marekani tangu Mei 2018 gari dogo jipya haliuzwi bila kamera ya nyuma. Kamera inataka kioo cha kuonesha. Ukishalazimishwa kuweka kioo kwenye gari la bei ya chini kabisa, unajiuliza: kwa nini nilipie na vitufe wakati kioo kipo? Skrini zimeingia kwa mlango huo. Mengine ni porojo.

#16 Kobe Turbo
Mwana wa Gia, tarehe hazikubali. Tesla Model S ilitoka 2012 na skrini ya inchi 17 iliyosimama wima, miaka sita kabla. CarPlay na Android Auto, zile za kuleta simu yako kwenye skrini ya gari, zote zilitangazwa 2014. Isitoshe, picha ya kamera inatosha kuoneshwa kwenye kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, na magari mengi yalifanya hivyo. Sheria haikumwambia mtu aweke inchi 15.

#17 Mwana wa Gia
Sheria hiyo ilijulikana miaka mingi kabla ya kuanza kutumika, wabunifu walikuwa wanajipanga. Hujanishawishi.

#18 Bi Sukani
Tukubaliane angalau kwenye jambo moja: hiyo plastiki nyeusi ya kung'aa wanayozungushia skrini. Ukiifuta asubuhi, mchana imeshajaa alama za vidole na vumbi, na jua likipiga pembeni huoni kitu ila uso wako. Ukiigusa inatoa mlio wa kopo tupu. Gari la gharama kubwa, sauti ya kopo.

#19 Nusu Tanki
Langu lina redio ya kaseti na vitufe vyote vipo. AC ndiyo haipo.

#20 Spana Kumi
Wanaolilia vitufe wasisahau vitufe vinavyonata. Kuna kipindi, hasa magari ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na ya 2000, walikuwa wanapaka plastiki rangi laini ya mpira ili ukigusa uhisi anasa. Ile rangi ni ya poliurethani. Ikikaa na unyevu na joto kwa miaka inavunjika yenyewe, inarudi kuwa ulimbo. Unabonyeza kitufe cha kioo, kidole kinatoka na weusi. Na haichagui bei. Magari ya kifahari sana yanayo.

Ukitaka kuisafisha, tumia spiriti ya isopropili kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, sugua taratibu mpaka utando wote utoke. Lakini angalia kwanza kitufe chenyewe. Kama alama yake inawaka usiku, mara nyingi imechongwa kwa leza kwenye rangi nyeusi iliyopakwa juu ya plastiki inayopitisha mwanga. Ukisugua ukaifikia hiyo rangi nyeusi, alama imekwenda, na usiku kitufe kizima kinawaka. Nimeletewa gari ambalo mwenyewe alisugua kwa hasira, paneli yote ikawa taa.

#21 Bi Sukani
Hiyo ya ulimbo nilidhani ni jasho la mikono yangu. Asante sana fundi.

#22 Ndege Mbovu
Nimefanya kazi karibu na ndege, niongeze kitu. Vita Kuu ya Pili, marubani wa B-17 walikuwa wanatua salama kabisa, halafu wakiwa ardhini wanakunja magurudumu badala ya flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa) na ndege inalala tumbo. Walisemwa ni wazembe. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia wa jeshi la Marekani, akakaa ndani akaona swichi mbili zinafanana na ziko ubavu kwa ubavu. Dawa yake: mkono wa magurudumu uwekewe kichwa cha mviringo kama gurudumu, wa flapu uwekewe umbo la bawa. Ajali za namna ile zikakoma. Mpaka leo kanuni za ndege kubwa za abiria zinataja maumbo hayo.

Somo ni kwamba mkono una macho yake. Ukiupa kioo laini umeupofusha.

#23 Kidole Chepesi
Lakini ndege hizo hizo leo zimejaa skrini. Mbona hamzisemi?

#24 Ndege Mbovu
Zimejaa skrini za kutazama. Magurudumu, flapu na nguvu ya injini bado ni mikono unayoishika. Na kule mbele wapo wawili, mmoja anarusha, mwingine anabonyeza. Wewe ndani ya gari uko peke yako.

#25 Mwana wa Gia
Mfano wa jeshi la maji ni mzito zaidi. Manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore Agosti 2017, mabaharia 10 wakafa. Sababu ilikuwa skrini ya kugusa ya kuongozea meli.

#26 Ndege Mbovu
Punguza kidogo mkuu. Wachunguzi walitaja mafunzo duni, uchovu, na mkanganyiko wa kuhamisha usukani na nguvu za injini kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Skrini iliuzidisha mkanganyiko huo: waliamini wanapunguza mwendo wa pande zote mbili kumbe wanapunguza upande mmoja, meli ikawa inakata kona. Sahihi ni kwamba mwaka 2019 jeshi lenyewe lilitangaza kurudisha mikono ya kawaida ya mwendo kwenye manowari za aina ile.

#27 Nusu Tanki
Tulianza na feni ya AC, tuko baharini. Waogeleaji mko wangapi?

#28 Mwanasheria Mstaafu
Turudini nchi kavu. Ujerumani kuna dereva wa Tesla alikuwa kwenye mvua kubwa akipanga kasi ya waipa kwenye skrini. Akatoka barabarani. Mahakama ya juu ya mkoa ya Karlsruhe ikaamua mwaka 2020 kwamba skrini iliyojengewa ndani ya gari ni kifaa cha kielektroniki chini ya kanuni ile ile inayowabana wanaoshika simu. Faini euro 200 na mwezi mmoja bila kuendesha. Kujitetea kwamba waipa ni sehemu ya kuendesha gari hakukumsaidia. Walisema kinachoangaliwa ni muda wa macho kwenye skrini.

Kwa hiyo mtengenezaji anaweka waipa kwenye skrini kihalali, na dereva anaadhibiwa kwa kuigusa, kihalali vile vile.

#29 Kidole Chepesi
Gari hilo lina kitufe mwishoni mwa mkono wa indiketa cha kufuta kioo mara moja, na lina waipa za kujiendesha. Hakulazimika kuingia kwenye menyu.

#30 Dereva wa Usiku
Waipa za kujiendesha ndizo zile zinazofuta kioo kikavu usiku na kutulia mvua ikinyesha? Nazijua.

#31 Usukani Mwepesi
Nimesoma mahali kwamba Ulaya kuanzia 2026 vitufe ni sheria. Maana yake nimeshinda kesi, au vipi?

#32 Mwanasheria Mstaafu
Si sheria. Ni Euro NCAP, wale wanaopima usalama na kutoa nyota. Kuanzia 2026, gari likitaka alama kamili linatakiwa liwe na vidhibiti vya kushika kwa mambo matano: indiketa, taa za hazadi, honi, waipa na wito wa dharura wa SOS. Mtengenezaji anaweza kukataa akauza gari lake, ila nyota zitamponyoka. Na soma orodha tena. AC haimo. Redio haimo. Feni yako, mleta uzi, haina mtetezi.

#33 Usukani Mwepesi
Duh.

#34 Kobe Turbo
Watengenezaji wenyewe wameanza kurudi kwenye vitufe bila kusukumwa. Volkswagen Golf ya nane, iliyozinduliwa 2019, ilikuwa na vipapaso (sehemu za kuburuta kidole) vya joto na sauti chini ya skrini ambavyo havikuwa na taa. Usiku unapapasa giza. Toleo la 2024 vikawekewa taa, na vitufe halisi vikarudi kwenye usukani. Mkuu wao wa usanifu, Andreas Mindt, akasema 2025 kwamba sauti, joto la kila upande, feni na hazadi vitakuwa vitufe chini ya skrini kwenye modeli zao zijazo. Honda waliondoa kizungushio cha sauti kwenye Civic ya 2016, toleo la 2019 kikarudi.

Ila kuna wanaokwenda kinyume. Mazda walijulikana kwa kukataa kugusa, Mazda3 ya 2019 ilikuja na kizungushio tu. CX-5 mpya waliyoitangaza 2025 ina skrini kubwa ya kugusa na kizungushio hakuna. Sasa niambieni nani amejifunza nini kutoka kwa nani.

#35 Kidole Chepesi
Sauti ndiyo jibu. Unaliambia gari "punguza joto", imekwisha. Hakuna skrini wala kitufe.

#36 Bi Sukani
La kwangu nikiliambia hivyo linampigia simu shemeji.

#37 Dereva wa Usiku
Na madirisha yakiwa wazi, na watoto nyuma wanagombana, jaribu. Halafu sauti nayo si bure kwa kichwa. Taasisi ya AAA ya Marekani ilitoa matokeo mwaka 2015: baada ya kumaliza kuzungumza na gari, akili ya dereva inaweza kubaki imetawanyika hadi sekunde 27 zaidi. Macho yako barabarani, akili iko kwenye "samahani, sijakuelewa".

#38 Spana Kumi
Hakuna anayezungumzia gari likiwa na miaka kumi. Kitufe cha feni kikifa, nabadilisha kitufe. Skrini ikifa, umekufa nayo AC, kamera, redio na nusu ya mipangilio. Mwaka 2021 Tesla waliita magari karibu 135,000 ya Model S na X kwa sababu ya chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 8. Chipu za namna hiyo zina idadi ya mara zinazoweza kuandikwa, na kompyuta ilikuwa inaandika kumbukumbu zake humo bila kupumzika mpaka ikazimaliza. Skrini ikizima, picha ya kamera ya nyuma inapotea, na kupanga kiondoa ukungu nako kunapotea. Kitu kidogo kuliko ukucha.

Waulizeni wanaouza magari kama wanahifadhi vipuri vya skrini kwa muda gani. Nasubiri jibu.

#39 Mwana wa Gia
Nina maelezo mengine na sitaki kuambiwa ni njama. Kitufe kimeshalipiwa, hakiuziki tena. Kitu kilicho kwenye skrini kinaweza kufungwa na kufunguliwa kwa malipo ya mwezi. BMW walijaribu joto la siti kwa kulipia mwezi kwenye baadhi ya masoko mwaka 2022, Korea Kusini ikiwemo. Nyaya za joto zimo ndani ya siti, umezibeba kila siku, lakini zimefungwa. Watu wakawaka, 2023 wakaachana nayo. Mlango huo haupo kwenye gari la vitufe.

#40 Kobe Turbo
Jana ilikuwa kamera, leo ni malipo ya mwezi. Kesho?

#41 Mwana wa Gia
Kesho yote mawili. Kitu kinaweza kuingia kwa mlango mmoja na kukaa kwa sababu nyingine.

#42 Mzee wa Kabureta
Naona hamjui raha ya gari la usiku. Saab miaka ya 1990 walikuwa na kitufe cha Night Panel. Unakibonyeza, dashibodi nzima inazimika, inabaki spidomita peke yake, tena mpaka 140 tu. Mafuta yakikaribia kuisha geji inawaka yenyewe kukuita. Waliotengeneza gari lile walikuwa pia na asili ya ndege za kivita. Leo skrini ukiipunguza mpaka mwisho bado inamulika paji la uso.

#43 Dereva wa Usiku
Mzee hapo umenigusa. Yangu ina sehemu ya kuizima skrini kabisa, ila sehemu hiyo imefichwa ndani ya menyu ya skrini. Na ukigusa popote inawaka tena.

#44 Mgeni Kidogo
Habari zenu. Naomba msaada, samahani kama nimepotea uzi. Gari langu limetoka Japani, skrini yote Kijapani, redio inaishia 90. Juzi nilitoa betri, sasa inaomba namba za siri.

#45 Kobe Turbo
Karibu. Redio za Japani za zamani zinashika FM kuanzia 76 hadi 90, kwingi duniani ni 87.5 hadi 108, ndiyo maana unapata stesheni chache tu za mwanzoni. Kuna kiboksi kinachofungwa kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa, ila stesheni itaonekana kwa namba nyingine: kama kinashusha 20, ya 100 utaisoma 80. Namba za siri ni kinga ya wizi. Zingine zinataka kadi ya ramani iliyokuja na gari. Kama kadi haipo, wengi wanaishia kubadilisha redio nzima.

#46 Kidole Chepesi
Anaweka skrini kubwa ya Android ya kununua pembeni. Karibu kwenye upande wetu.

#47 Mgeni Kidogo
Hiyo ya Android nilishaipata leo na kuifunga. Kiswahili kimo. Lakini vitufe vya kwenye usukani vimekufa vyote, na ndivyo nilivyokuwa navitegemea.

#48 Spana Kumi
Havijafa. Kwenye magari mengi ya Kijapani vile vitufe ni rezista tu: kila kimoja kina ukinzani wake kwenye waya ule ule, na redio inasoma tofauti. Redio yako mpya haijafundishwa. Nyuma yake tafuta nyaya mbili zilizoandikwa KEY1 na KEY2. Ziunganishe na nyaya za usukani kwenye soketi ya zamani, na waya wa ardhi wa usukani uende ardhini. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usukani, bonyeza kitufe cha sauti kwenye usukani huku ukigusa alama ya sauti kwenye skrini. Fanya hivyo kimoja kimoja, mwisho hifadhi.

#49 Usukani Mwepesi
Yaani skrini inafundishwa kumsikiliza kitufe. Endeleeni, nasoma.

#50 Mgeni Kidogo
Imekubali sauti juu na chini. Cha kupokea simu na cha kubadilisha stesheni bado.

#51 Spana Kumi
Viwili vya sauti viko kwenye waya mmoja na hivyo vingine kwenye wa pili. Angalia KEY2 kama imeshika.